Mapipa Tuliyochora Mtaro wa Majengo Ulipogeuka Mweusi

Nyie vijana mliobaki na brashi pale karakanani Majengo, haya nayaandika kwa ajili yenu. Myasome mkiwa mmekaa, si huku mnapiga rangi mlango wa mtu. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne, tena la misheni, ambako nusu ya siku tulikuwa tunapalilia kahawa ya mwalimu. Kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, inyoosheni wenyewe kichwani mwendelee mbele.

Siku ile mliyoniaga mlinipa khanga na sinia, nashukuru. Lakini yule aliyesimama kunisifia alisema mimi ni fundi wa kuchora mlima. Kibo na theluji yake, Mawenzi na meno yake, na twiga wamesimama chini kama wanasubiri basi. Nilitabasamu kwa sababu wageni walikuwepo. Moyoni nilikasirika, na nimekasirika mpaka leo. Mlima niliuchora kwa sababu watalii walikuwa wanautaka. Twiga mimi nilikozaliwa sijapata kumwona hata mmoja. Kazi niliyoifanya kwa moyo wangu wote ni ile ya mapipa, na hakuna aliyeitaja. Wengine wenu hamkuijua. Wengine mnaijua vizuri, ila mliona haya kuitaja mbele ya wakubwa. Basi naitaja mimi.

Karakanani niliingia mwaka ule wa Uhuru. Sikuingia kuchora. Niliingia kukwangua. Mwenye karakana alikuwa Fundi Shabani, mtu wa Pangani aliyekuja huku kufanya kazi ya reli, reli ikamshinda, akabaki na brashi. Mabango ya zamani yaliletwa kwake kwa mikokoteni yabadilishwe maneno, na lazima mtu akwangue rangi ya zamani kwanza. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa nashuka kutoka Old Moshi asubuhi na chakula changu kwenye jani la mgomba, nakwangua mpaka vidole vinakufa ganzi. Nchi ikabadili jina, mabango yakarudi. Mabenki na makampuni yakawa ya umma, mabango yakarudi tena. Sijui kama kuna watu waliofanya kazi nyingi kwa ajili ya siasa kuliko sisi, na hakuna aliyetuita mkutanoni.

Siku moja Fundi Shabani alinikuta nanyoosha herufi iliyovunjika kwenye bango la kinyozi. Alisimama nyuma yangu, mimi nikadhani nimeharibu. Akaniambia, "Dada Aikande, mkono wako hautetemeki. Sijui ni kipaji au ni ukali tu."

"Ni njaa," nikamjibu. "Ukitetemeka, kazi inarudiwa na chakula kinachelewa."

Akacheka, akanipa brashi. Ndivyo nilivyopandishwa cheo, na sitasema tena habari za vyeo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kila kitu ambacho nyie mnakiona cha kawaida. Uzi unapakwa chaki, unakazwa huku na huku, unavutwa na kuachiwa, unapata mstari ulionyooka kuliko wa rula. Mkono wa kuchorea unauegemeza juu ya fimbo, si juu ya rangi mbichi. Brashi ya mtu haikopwi. Naona siku hizi mnakopana brashi kama kiberiti, halafu mnashangaa kwa nini nywele zake zimesimama kama za mtu aliyefukuzwa na nyuki.

Baada ya miaka akaja Petro, kijana wa Tarakea, mfupi, mcheshi, asiyejua kuandika herufi iliyonyooka hata ukimshika mkono. Lakini nyuso! Mtu akipita dirishani mara moja tu, Petro anamchora mpaka mkewe anamjua. Tukawa watatu. Mimi herufi na mandhari, Petro watu, Fundi Shabani rangi na matusi ya upole.

Sasa nisikilizeni. Miongoni mwa wateja wetu palikuwa na bohari moja ya mafuta, upande ule wa reli. Jina lake silitaji, na haipo tena. Tulikuwa tunapiga rangi mapipa yao, nyekundu kwa petroli, bluu kwa mafuta ya taa, na ukutani tunaandika kwa herufi kubwa kwamba ni hatari kuvuta sigara. Mlinzi wa pale alikuwa anasimama chini ya maandishi yangu akivuta sigara yake. Nilimwambia, "Baba, husomi?" Akasema, "Nasoma mama, lakini hayo ni ya wageni."

Nikiwa ndani ya bohari ndipo nilipoliona bomba. Nyuma kabisa, mahali walipokuwa wanaoshea mapipa na matangi ya malori, palikuwa na sakafu ya saruji iliyoinama kidogo, na mwisho wake bomba limetoboa ukuta. Kila walichoosha kilipita humo. Nje ya ukuta kulikuwa na mtaro.

Mtaro ule mnaujua, ila nyie mnaujua kama mahali pa kutupa maganda. Haukuwa hivyo. Maji yake yalitoka kwetu juu. Ule ni mkia wa mfongo, na mfongo kwetu si mfereji tu. Babu zetu waliuchimba kwa mikono kutoka mtoni, una wazee wake, una zamu zake, na asiyekwenda kuusafisha siku ya msaragambo, ile kazi ya wote pamoja, analipa pombe au mbuzi. Ukiosha nepi kwenye mfongo, utaitwa, na utajuta. Maji yakishamaliza vihamba vya juu, yale mashamba yetu ya migomba na kahawa, yanateremka mjini, na pale Majengo yalikuwa yakipita kwenye bustani ya Mama Zubeda.

Mama Zubeda alikuwa mjane, Mpare, anapanga chumba nyuma ya msikiti mdogo. Hakuwa na shamba, alikuwa na ule ukingo wa mtaro. Mchicha, mnavu, figiri. Nusu ya mtaa ulikula mboga kutoka mkononi mwake, na wajukuu wake walisoma kwa huo mchicha. Asubuhi moja alikuja karakanani na ndoo, akaiweka juu ya meza ya Fundi Shabani bila salamu, na yeye ni mtu wa salamu sana.

"Fundi, wewe unajua rangi. Hii ni rangi gani?"

Tukachungulia. Juu ya maji kulikuwa na utando unaong'aa, zambarau na kijani, na chini yake weusi mzito kama lami.

"Hii si rangi, Mama Zubeda," Fundi akasema. "Hayo ni mafuta."

"Basi nisaidieni. Mimi natafuta mafuta ya taa wiki nzima dukani siyapati. Kumbe yanaletwa mpaka shambani kwangu."

Tulicheka, na yeye akacheka, halafu akalia. Mchicha wake ulikuwa umekauka mizizi. Mjukuu wake mmoja alikuwa na vipele mpaka kwenye kope. Alikwenda bohari akaambiwa hayo ni maji ya mvua. Mvua gani, wakati kahawa yenyewe ilikuwa inasinyaa mtini! Alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi, akaambiwa mafuta ni mali ya taifa, asichafue jina la taifa. Hapo ndipo nilipouliza, na naendelea kuuliza mpaka leo, nani alikuwa anachafua nini.

Ile ilikuwa ni miaka ya uhaba. Mnaikumbuka mkiwa watoto. Jumapili alasiri magari yamekatazwa kutembea, malori ya kahawa yamelala barabarani mpaka kuku wanataga chini ya tairi. Mafuta yalikuwa yameukamata mji mzima kooni, na bohari yenyewe inayamwaga kwenye mchicha wa mjane. Petro ndiye aliyesema, "Sisi tunachora vinyozi na mabucha. Kwa nini tusichore hiki?" Fundi Shabani akasema, "Turubai hakuna. Mbao hakuna. Tutachora wapi?" Mimi nikaonyesha kwa kidole pale uani. Kulikuwa na mapipa mabovu ambayo bohari ilikuwa imetuachia.

Kwa wanaotaka kujua kazi: pipa unalipasua kwa patasi kufuata mshono, unaondoa mifuniko, unalinyoosha kwa nyundo ya mti. Usitumie ya chuma, utapata bati lenye ndui. Kisha unalirundikia majani makavu ya migomba unayachoma juu yake mpaka mafuta yote yaungue. Ukishamaliza unasugua kwa majivu na mchanga. Ukikosa subira hapo, rangi yako itabanduka kama ngozi ya nyoka. Rangi tulikuwa nazo chache. Petro aliongeza nyingine kutoka kwao mpakani, chini ya gunia la maharage, na mimi sikumwuliza maswali.

Pipa la kwanza lilikuwa foleni ya mafuta ya taa. Hatukuchora mtu hata mmoja. Tulichora madumu, mikebe, chupa, na mawe, maana mtu akichoka alikuwa anaacha dumu lake limshikie nafasi, na mwenye kukosa dumu anaacha jiwe. Tulilitundika nje, kwenye ukuta wa barabarani. Mwanamke mmoja alisimama akalikodolea macho, akapiga kelele, "Hilo dumu la mfuniko wa gunzi ni langu! Mae! Na huyu jiwe ndiye aliyenipita!" Watu walikusanyika. Kila mmoja akawa anatafuta dumu lake.

La pili lilikuwa lori la kahawa na kuku wake. La tatu nilichora mimi mwenyewe, lilikuwa mtaro. Juu migomba ya kwetu na maji yanashuka meupe. Katikati ukuta wa bohari na bomba lake. Chini mtaro mweusi, bustani iliyokauka, na Mama Zubeda ameshika ndoo. Sura yake alichora Petro. Weusi wa mtaro hatukuwa na rangi yake ya kutosha, kwa hiyo niliuchota mtaroni kwenyewe nikaupaka. Haukukauka kamwe. Jua likiwaka ulikuwa unatiririka kutoka kwenye bati hadi chini, na Fundi Shabani alilazimika kuweka mkebe wa kukinga. Watoto walidhani ni makusudi. Tuliwaacha wadhani hivyo.

Balozi alikuja wa kwanza, amevaa kofia yake.

"Mama Aikande, shusheni haya mabati. Mnajua siku hizi watu wanakamatwa kwa kuhujumu uchumi?"

"Najua. Umewakamata wa bohari?"

"Usinichezee."

"Baba balozi, mwenye kumwaga mafuta na mwenye kuchora mafuta yakimwagika, mhujumu ni yupi? Nieleze polepole, mimi ni wa darasa la nne."

Akaondoka. Lakini alivyoondoka nilijua atakuja mwingine, na alikuja. Meneja wa bohari alikuwa kijana wa kwetu kwetu, wa mlimani, ukoo ninaoujua, kihamba chao hakiko mbali na chetu. Alipokuja mimi nilikuwa nimekwenda kuandika bango la shule. Niliporudi nikamkuta Fundi Shabani amefurahi.

"Wenzako wastaarabu," akaniambia. "Meneja amekuja na maneno mazuri, ameniletea hata ua. Anasema tushushe ile picha ya mtaro, yaishe."

"Ua gani?"

Akanionyesha. Juu ya meza, ndani ya mkebe wa rangi uliojaa maji, limesimama isale.

Nyie mliozaliwa mjini labda hamjui. Isale ni lile jani refu la kijani tunalolipanda mipakani mwa vihamba na penye makaburi ya wazee. Mchagga akikukosea akataka msamaha, anakuletea isale. Ukiletewa, humkatai. Hata kama ameua ng'ombe wako, hata kama ametukana mama yako, isale likifika unasamehe. Ndilo neno kubwa kuliko yote tuliyo nayo. Na yule bwana amelipeleka kwa mtu wa Pangani, anayelitia kwenye mkebe kama maua ya harusi!

Nilitoka nikaenda mpaka nyuma ya bohari. Bomba lilikuwa linamwaga. Lile lile, weusi ule ule, wala halikuzibwa hata kwa gunia.

Sijui kama nimewahi kukasirika namna ile. Mtu anakanyaga mguu wako, anaomba msamaha, na bado amesimama juu ya mguu! Amechukua kitu ambacho wazee wetu walimalizia vita, amekifanya kitambaa cha kufutia mikono. Nilirudi karakanani. Nikashusha bati la mtaro, nikampigia Petro kelele, "Nichoree meneja. Hapa, mbele ya bomba." Akachora, suti ya kaunda, tumbo, miwani, kila kitu. Kisha mimi mwenyewe nikamchorea isale mkononi, jani kwa jani, kijani kibichi kuliko kitu chochote kwenye picha. Nyuma yake bomba linamwaga. Tukatundika.

Mtu wa mjini alikuwa anapita anaona mwanamume ameshika jani. Lakini siku ya soko wanawake wetu waliposhuka na ndizi na mtori wao wa kuuza, walisimama pale kama wamepigwa na umeme. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mmoja aliutua mkungu wake chini. Wakaanza kulisemea kwa Kichagga, polepole, halafu si polepole. Walipopanda mlimani jioni, walipanda na habari hiyo.

Shangazi yake meneja aliteremka soko lililofuata. Mwanamke mnene, mwenye fimbo, mcha Mungu, hana mzaha. Alisimama mbele ya bati, akatazama sura, akatazama isale, akatazama bomba. Akaniuliza, "Ni wewe uliyechora?"

"Shikamoo mama. Ni mimi."

"Marahaba. Bomba ni kweli linamwaga?"

"Twende ukaone."

Alikwenda akaona. Kisha akazunguka mpaka lango la mbele la bohari, akakaa chini katikati ya njia ya malori na kikapu chake, na kumwambia yule mlinzi mvuta sigara amwite mtoto wa kaka yake. Malori yakapanga mstari. Meneja akatoka mbio.

"Shangazi, inuka, unanitia aibu mbele ya watu."

"Aibu umeivaa tangu soko lililopita. Mimi nimekuja kuifunga vifungo. Isale ulichuma wapi?"

Meneja akageuka kutazama malori.

"Ulilichuma kaburini kwa babu yako. Nimekuta limekatwa. Mimi siondoki hapa mpaka nisikie saruji inapigwa kule nyuma."

Na hakuondoka. Walipiga saruji mchana ule ule. Bomba likazibwa, na baadaye wakachimba shimo lao ndani ya ukuta wao, kama walivyopaswa kufanya toka mwanzo. Mnaona basi haikuwa kazi ngumu. Haikuhitaji mtaalamu wala fedha za kigeni, kama walivyokuwa wanatuambia. Ilihitaji mwanamke mzee akae njiani. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Miezi yote ile mtoto wa watu anajikuna kope, na dawa ilikuwa karai moja la saruji!

Lakini mtaro haukurudi ulivyokuwa. Weusi ulikaa kwenye udongo, Mama Zubeda akapanda mchicha, ukaota wa manjano, ukafa. Akaiacha bustani akawa anauza vitumbua barabarani, macho yake yakaharibiwa na moshi. Na mpaka bomba linazibwa, hakuna aliyekuwa amekwenda kumwambia hata pole. Mabati yenyewe yaliteremshwa baadaye karakana ilipoingizwa kwenye ushirika, na la foleni nimeliona mwaka juzi limeezekwa kwenye banda la kuku. Kuku wamelala chini ya madumu ya watu.

Jumapili moja, baada ya bomba kuzibwa, meneja alipanda nyumbani kwangu Old Moshi na mzee mmoja wa ukoo wao. Safari hii alikuja kwa taratibu. Isale lilikuwa kwenye mkono wa kulia, na mbege, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu. Mume wangu alikuwepo, ametoka kwenye mashamba ya miwa alikokuwa anafanya kazi. Alipoona isale akasimama wima, akavua kofia.

"Mama," meneja akaniambia, "bomba nimeziba. Nimekosa. Naomba uniondolee ile picha, watoto wangu wanachekwa shuleni."

"Umenikosea mimi?"

"Si wewe uliyechora?"

"Mimi maji yangu nayateka kwenye mfongo, hapa juu, yakiwa hayajafika kwako. Sijanywa mafuta yako, wala mtoto wangu hajaota vipele. Uliyemkosea yuko Majengo, nyuma ya msikiti mdogo."

Akatazamana na yule mzee. "Lakini mama, yule ni Mpare. Isale hata halijui."

"Basi utamweleza. Tena umweleze vizuri, maana utakuwa unaeleza na kosa lenyewe."

Mume wangu akanivuta kando. "Mama Ndeshi, unafanya nini? Isale halikataliwi. Tangu dunia iumbwe halijakataliwa."

"Sijalikataa. Limekuja nyumba siyo."

"Na picha je?"

"Picha atakuja kuniambia Mama Zubeda mwenyewe kama ishuke."

Meneja alikuwa bado amesimama uani, jani limeanza kunyauka kwa jua, na mume wangu tayari alikuwa ananyoosha mkono kulipokea, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Nikaita watu wote wa nyumba yangu watoke nje, watoto, mume, na mdogo wangu aliyekuwa anapika. Nikawaambia huku wageni wakisikia: "Isale hili lisipokelewe na mkono wowote wa nyumba hii, wala hiyo mbege isionjwe. Wageni wapewe viti wapumzike, wapewe maji ya mfongo wanywe washibe, kisha mmoja wenu awateremshe mpaka mlangoni kwa Mama Zubeda, na asirudi kabla hajaona wamepiga magoti."